Bodkin: Kwani Mkasa Ni wa Nani?

Wasee, kuna tamthilia ya Ireland inaitwa Bodkin. Iko Netflix tangu Mei 9, 2024, sehemu saba tu, na sijawahi kuona kitu kinachogawanya watu hivi bila hata kuwa na siasa za Kenya ndani. Ukiiwekea watu watano, wawili watakwambia ni moto, wawili watalala kabla sehemu ya pili haijaisha, na mmoja atakuuliza kwa hasira kwa nini umempotezea Jumamosi yake. Mimi niko kwa hao wawili wa kwanza. Nitajaribu kueleza kwa nini, na pia kwa nini nadhani wale waliokasirika wamekasirishwa na kitu chenyewe ambacho tamthilia ilitaka kuwafanyia.

Stori ni hii. Mmarekani mmoja anaitwa Gilbert Power, anaigizwa na Will Forte, ana podikasti. Anafika kwenye mji mdogo wa kubuni kando ya bahari huko Ireland, mji unaitwa Bodkin, kuchunguza watu watatu waliopotea zaidi ya miaka 20 iliyopita usiku wa sherehe za Samhain. (Hiyo inasomwa kama “sawin”, usiniulize hizo herufi zingine zinafanya kazi gani. Ni sherehe ya zamani ya Wairish ya kufunga mavuno na kuingia majira ya baridi, na Halloween ya leo ilitokana nayo.) Yuko na msaidizi wake Emmy, msichana wa kujituma ambaye hajui bado anataka kuwa nani. Halafu yuko Dove, anayeigizwa na Siobhán Cullen. Dove ni Mwairish, ripota wa uchunguzi London, mtu wa miwani meusi na matusi, na ametumwa huko kwa lazima. Mtu aliyekuwa anampa siri za habari amekufa, mambo yamemwia moto, na mhariri wake anataka apotee kidogo.

Dove anachukia podikasti. Anachukia hata neno lenyewe. Kwake hiyo si kazi ya habari, ni watu wanaopiga porojo juu ya maiti za wenyewe wakisubiri tangazo la godoro.

Sasa, kabla sijaendelea, nipe nafasi ya kitu kidogo kuhusu nani amelipia hii kitu, kwa sababu Wakenya lazima mcheke. Bodkin imetengenezwa pamoja na Higher Ground, kampuni ya Barack na Michelle Obama. Ndiyo, Obama wetu. Lakini ukienda Ireland nao watakwambia Obama wao. Babu wa mababu upande wa mamake, kijana anaitwa Falmouth Kearney, alitoka kijiji cha Moneygall akaenda Marekani mwaka 1850. Obama alitembelea Moneygall Mei 2011 akiwa rais, akanywa Guinness kwenye baa ya hapo, na leo kuna kituo cha mafuta na mikahawa kando ya barabara kuu kinaitwa Barack Obama Plaza. Sijatunga. Sisi Kogelo alikuja 2018 tukacheza naye ngoma. Kwa hivyo Siaya na Moneygall wanagombania jamaa mmoja, na jamaa huyo huyo ametoa pesa kwa tamthilia inayomcheka Mmarekani anayekuja Ireland kutafuta asili yake na kukumbatia kila mtu kama binamu aliyepotea. Gilbert ni huyo. Anasema ana damu ya Kiairish, wenyeji wanatabasamu, wanamnunulia kinywaji, wanamdanganya mchana kutwa. Anayejua wanavyofanyiwa wazungu kule Maasai Market ataelewa bila maelezo.

Basi. Ugomvi wenyewe.

Niliitazama mara ya pili na kasini yangu, ambaye ni mraibu wa vipindi vya mauaji. Huyu ni mtu anayeosha vyombo akisikiliza jinsi mtu alivyokatwakatwa. Sehemu ya tatu akasimamisha.

“Wewe, hii ni kichekesho ama ni ya huzuni? Niambie nijipange.”

“Ni zote mbili.”

“Haiwezekani. Na huyo mwanamke mbona ni mbaya hivi? Na huyo mzee mbona anacheka cheka? Na wale watu watatu, mbona hakuna mtu anawatafuta?”

Maswali yake yote matatu ni ya maana, na hilo la mwisho ndilo lilinifanya nikaandika hii. Ni kweli. Kuna dakika nyingi ambapo wale waliopotea wamesahaulika kabisa. Gilbert yuko busy kutafuta sauti nzuri ya upepo wa kuweka mwanzo wa podikasti. Emmy yuko busy kutaka kusifiwa. Dove yuko busy kukimbia mambo yake mwenyewe. Halafu kuna mikunga. Nasema mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, si wakunga wa kuzalisha. Inageuka kwamba kuna biashara ya magendo ya mikunga wachanga, na mtu akisikia hivyo anadhani mwandishi alikuwa amelewa. Lakini hiyo sehemu ni ya kweli kuliko zote. Mkunga wa Ulaya yuko kwenye hatari kubwa ya kuisha duniani, Umoja wa Ulaya ulifunga kabisa kuuzwa kwake nje mwaka 2010, na tangu hapo vifaranga vyake, vyembamba na vya kuonekana hadi ndani kama kioo, vinapelekwa Asia kwa siri kwenye masanduku ya wasafiri. Ni biashara ya pesa mbaya sana. Kwa hivyo mtazamaji amekuja kutafuta muuaji na anapewa samaki.

Hapo ndipo watu wanagawanyika. Kama umezoea Only Murders in the Building, ile ya Selena Gomez na wazee wawili, unajua mkataba ulivyo: kuna maiti, kuna watu watatu wa kupendeza wenye maiki, wanabishana, wanakula, na mwisho muuaji anapatikana na wewe unalala vizuri. Hata mimi naipenda, na sina shida nayo. Bodkin inachukua vitu vivyo hivyo, watu watatu na maiki na mji wenye siri, halafu inakataa kukupa usingizi. Kila wakipata jibu, kuna mtu mwingine anaumia. Mtu aliyekuwa ameishi kimya miaka 20 na kitu chake anafunguliwa kidonda sebuleni, na Gilbert anamwuliza kama anaweza kurudia hiyo sentensi kwa sababu kulikuwa na kelele ya friji.

Hiyo ya friji nimeitunga kidogo, lakini mkiiona mtajua ni Gilbert mtupu.

Wengine waliokasirika ni Wairish wenyewe, na hao nawaelewa zaidi. Miaka nenda miaka rudi runinga za nje zimewaonyesha kama watu wa baa, mvua, watawa na maneno ya mafumbo. Bodkin ina baa, ina mvua, ina watawa kwenye kisiwa, na kila mzee ana la kufumba. Mtu wa Cork akisema amechoka, sina la kumwambia. Sisi nasi tunajua kuchoka na simba wa machweo na muziki wa marimba kila kamera ya nje ikitua Nairobi. Ila nadhani hapa utani umegeuzwa: wenyeji wa Bodkin wanaigiza Uairish kwa makusudi kwa sababu mgeni ameleta pesa na maiki. Gilbert akizima maiki wanaongea vingine.

Lakini sasa nataka tutoke kwa tamthilia kidogo twende kwenye ramani, kwa sababu bila hii utadhani yote ni hewa.

Bodkin ilipigwa picha kwenye kijiji cha kweli kinaitwa Union Hall, kusini magharibi mwa Ireland, eneo linaloitwa West Cork. Endelea na pwani hiyo hiyo kuelekea magharibi unafika Schull. Usiku wa kuamkia Desemba 23, 1996, nje ya nyumba yake ya likizo karibu na Schull, aliuawa mama wa Kifaransa aliyeitwa Sophie Toscan du Plantier, mtengenezaji wa vipindi vya runinga, miaka 39. Mpaka leo hakuna mtu aliyeshtakiwa Ireland kwa kifo hicho. Polisi walimkamata mara mbili Mwingereza mmoja aliyeishi karibu, Ian Bailey, wakamwachilia mara zote. Mahakama ya Paris ilimhukumu mwaka 2019 bila yeye kuwepo, miaka 25 jela. Ireland ikakataa kumpeleka Ufaransa. Yeye mwenyewe alikana hadi alipofariki Januari 2024, miezi minne tu kabla Bodkin haijatoka.

Na kazi yake Bailey ilikuwa gani? Mwandishi wa habari. Mauaji yalipotokea, yeye alikuwa miongoni mwa waliokuwa wanaandikia magazeti kuhusu mauaji hayo. Soma tena hapo pole pole.

Kesi hii ndiyo iliyozaa podikasti maarufu inaitwa West Cork, mwaka 2018. Halafu 2021 zikaja filamu mbili za uchunguzi mwaka mmoja, moja ya Netflix na nyingine ya Jim Sheridan, mwongozaji mkubwa wa Ireland. Familia ya Sophie ilishiriki kwenye ile ya Netflix. Kwenye ile ya Sheridan, waliomba mahojiano yao yaondolewe. Mtu yule yule, kifo kile kile, filamu mbili, na familia inasema hii sawa, ile hapana. Mimi sijui nani alikuwa na haki kati ya hao waongozaji. Ninachokiona ni kwamba kuna watu ambao kazi yao kwa miaka karibu 30 imekuwa kuamua ni nani wamruhusu kumgusa mtoto wao tena.

Sasa fikiria kijiji kama hicho, ambapo kila baada ya mwaka fulani kuna gari jipya la mgeni limeegeshwa mbele ya duka, na mgeni ana maiki. Bodkin ni stori ya kubuni, watu wake watatu hawakuwahi kuwepo, sisemi ni kesi ya Sophie. Lakini udongo wake ni ule. Ndiyo maana watu wa mji huo wa kubuni wana ule ucheshi mkavu kidogo, wa mtu ambaye ameshaulizwa maswali yote na ameona majibu yake yakiuzwa.

Na sasa nirudi hapa, maana si mnajua sitaacha.

Januari 2024, maelfu ya wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Nilikuwa pale. Wiki zile zile, kwenye simu zetu, kulikuwa na watu wanachambua vifo vya wasichana kama mechi ya Gor na Ingwe. Alivaa nini, aliingia saa ngapi, kwa nini alienda, nani alilipa. Na kulikuwa na wengine wenye sauti za upole na taa nzuri, wanatuambia “tulieni niwasimulie”, na mwisho wanatuomba tubonyeze kengele.

Baadaye ikafika kwenye ploti yetu. Sitataja msichana, sitataja mtaa. Alikuwa anakaa ghorofa ya juu yetu, alikuwa ananiazima pasi, na mimi nilikuwa namdai sufuria moja mpaka leo. Aliuawa na mtu aliyemjua. Siku ya tatu jamaa mmoja wa kontenti akaja na gari ndogo nyeupe na kijana wa kumshikia taa. Hakuwa mtu mbaya kwa kumwangalia. Alisalimia kila mtu. Alimpa keteka mia tano. Alimwuliza mama mboga kama msichana alikuwa “wa kutoka toka usiku”. Mama mboga akamjibu, “Alikuwa wa kununua sukuma wiki,” akaendelea kukata.

Video ilitoka siku nne kabla ya mazishi. Ilikuwa na picha ya mlango wake. Mamake aliiona kwenye matatu akitoka mochari, kwenye simu ya abiria aliyekaa mbele yake. Alimtambua mtoto wake kwa mlango, kwa sababu yeye ndiye aliyenunua lile pazia.

Mimi pia ni mtu wa kontenti. Wiki hiyo nilipata ujumbe mwingi, watu wanajua nakaa wapi, wananiambia “si uongee, wewe ulimjua”. Sikuongea. Sisemi hivi kujipaka mafuta, nyamazeni. Hata kunyamaza kuna shida yake, kwa sababu jamaa wa gari nyeupe ndiye aliyebaki na stori, na stori yake ilikuwa ya msichana wa usiku. Kama mtu aliyemjua angeongea, labda watu wangejua alikuwa anasomea uhasibu na alikuwa anacheka kwa kukoroma. Kwa hivyo sina jibu la kuwapa hapa. Kuna wakati kuongea kunaokoa. Kesi nyingine zinafufuliwa na podikasti, Serial ya mwaka 2014 ilifanya dunia nzima iangalie upya kesi ya Adnan Syed kule Baltimore. Lakini kwenye kesi hiyo hiyo kulikuwa na familia ya Hae Min Lee, msichana aliyeuawa, na mamilioni ya watu walimaliza sehemu zote wakijua sauti ya Adnan vizuri kuliko walivyomjua yeye.

Hiki ndicho Bodkin inashika, na inakishika kwa mlango wa nyuma, kwa kutuchekesha. Gilbert si mwovu. Ni mpole, ana huruma ya kweli, machozi yake ni ya kweli. Nyumbani Marekani mambo yake yameporomoka, ndoa na pesa, na anahitaji hii podikasti ifanye kazi. Will Forte anamwigiza na tabasamu lile la mtu anayekuomba usimchukie, na kwa sehemu kama nne hivi unampenda. Halafu unaanza kuona kwamba upole wake ndio kifaa chake cha kazi. Watu wanamfungukia kwa sababu ni mpole, na akishafunguliwa anabeba. Dove, ambaye ni mkali, mbishi, anayeiba na kudanganya na kuvunja milango, angalau hamwambii mtu kwamba ni rafiki yake. Lakini yeye naye, mtu aliyemwamini na siri zake amekufa. Tamthilia haituambii Dove ni bora kwa sababu ana gazeti na Gilbert ana podikasti. Wote wawili wanakula mahali pamoja.

Emmy ndiye aliyeniuma zaidi, na ndiye watu hawamzungumzii. Anajifunza. Anaangalia hao wawili, mmoja wa asali na mwingine wa pilipili, na kila siku unamwona akijaribu koti la mmoja wao. Kuna pahali anaanza kudanganya vizuri na anafurahi kwamba anaweza. Ukiwa na miaka 22 na simu yenye kamera nzuri, hapo tamthilia imeacha kuwa ya Ireland.

Ina makosa, sikatai. Katikati inachanganya, kuna majambazi wengi kuliko tunavyohitaji, na mara mbili nilirudisha nyuma kujua nani anamdai nani. Seamus, yule mzee mwenye siri anayeigizwa na David Wilmot, ni mtamu hadi wengine wanaonekana wembamba. Na kama unachukia tamthilia ambayo haijui itakuchekesha au itakutisha, hii haitakubembeleza. Kasini yangu aliimaliza, kwa kiburi tu, na msimamo wake ni kwamba angepewa watu wake watatu mapema na mikunga ipelekwe Lake Victoria.

Mwisho wake sitausema. Nitasema tu kwamba swali la nani aliwapoteza wale watatu linajibiwa, na ukilipata jibu utashangaa jinsi ambavyo halikufurahishi. Dakika za mwisho zinahusu kitu kingine, kile kifaa cha Gilbert na sauti zote zilizomo ndani yake, na ni nani ana haki ya kuzisikiliza.

Ukienda kuiona, weka maandishi ya chini ya skrini. Kiingereza chao cha Cork ni kizito kuliko unavyodhani, na matusi ya Dove ni mazuri mno kukupita.